Mgambo ya Handeni na Packers ya Green Bay

Msimu wa 2015/2016 ulipofungwa, mkoa wa Tanga ulikuwa umepoteza timu zake zote za Ligi Kuu kwa mpigo mmoja. Kanuni za msimu ule zilitaka timu tatu zishuke daraja, na zote tatu zikatoka Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Uwanja wa Mkwakwani, uliokuwa nyumbani kwa timu tatu, ukaingia msimu uliofuata bila timu hata moja ya Ligi Kuu.

Mashabiki wengi huukumbuka mwaka ule kama msiba wa jiji la Tanga. Hiyo ni haki yao, maana Coastal na African Sports ni watani wa jiji hilo tangu enzi za ukoloni. Lakini Mgambo haikuwa timu ya jiji. Ilikuwa timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa kilichoko wilayani Handeni, na kwa misimu minne ndiyo iliyoliweka jina la wilaya hiyo kwenye msimamo wa Ligi Kuu. Coastal ilirudi mwaka 2018. Mgambo haijarudi hadi leo. Sababu ya tofauti hiyo haiko miguuni mwa wachezaji. Iko kwenye swali la nani mwenye timu.

Mgambo ilipanda daraja mwaka 2012 pamoja na Tanzania Prisons na Polisi Morogoro. Timu tatu, zote za vyombo vya ulinzi na usalama. Polisi Morogoro ilishuka baada ya msimu mmoja tu, Mgambo ikabaki. Timu ya jeshi ina faida zake, na si haki kuzidharau: wachezaji wana pa kulala, wanakula kwa wakati, mazoezi hayakosi mtu, na nidhamu haihitaji kuhubiriwa. Klabu nyingi za uraiani za miaka ile zilikuwa zikihangaika hata nauli ya kwenda Mbeya au Bukoba. Timu ya kambi haikuwa na shida ya namna hiyo.

Msimu wa kukumbukwa ni 2013/2014. Mwezi Februari 2014 Simba ilifika Mkwakwani ikafungwa 1-0. Mwezi Machi ikafuata Yanga, nayo ikalala 2-1. Yanga wakati huo ilikuwa bingwa mtetezi na ilikuwa ikiwafukuzia Azam kileleni, kwa hiyo pointi zile tatu zilikuwa na uzito mkubwa. Azam walitwaa ubingwa msimu huo bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Yanga wakashika nafasi ya pili. Mshambuliaji Malimi Busungu, aliyejijengea jina akiwa Mgambo, alisajiliwa Yanga mwaka 2015. Ndivyo ilivyo kwa timu ndogo yoyote nchini: mchezaji aking'ara dhidi ya wakubwa, msimu haupiti wakubwa hawajamchukua.

Sasa fikiria kijana wa Chanika au Kabuku aliyetaka kuwaona Mgambo wakiwafunga Yanga. Alipaswa kupanda basi, apite Segera, Hale na Muheza, afike Tanga mjini, alipe kiingilio, kisha atafute usafiri wa kurudi usiku. Timu ilikuwa ya Handeni, mechi zake za nyumbani zilikuwa za Mkwakwani. Handeni haikuwa na uwanja wa kukidhi masharti ya ligi, wala Korogwe. Kwa hiyo mama lishe wa Handeni hakuuza sahani moja ya ziada siku ya Simba, bodaboda hakupata abiria, na halmashauri haikuona ushuru wa kiingilio. Timu ikaishi miaka minne kwenye Ligi Kuu bila mizizi kushika ardhini nyumbani kwake. Iliposhuka, hakukuwa na wanachama wa kuitisha mkutano wala wafanyabiashara wa kupitisha daftari la michango. Timu haikuwa yao.

Si kwamba ardhi hii haina mpira. Joel Bendera, mtoto wa Korogwe, alikuwa kocha wa Taifa Stars iliyofuzu fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Stars walikwenda Ndola mwaka 1979 wakiwa na ushindi wa 1-0 wa Dar es Salaam, wakailazimisha Zambia sare ya 1-1 kwa bao la Peter Tino, na safari ya Lagos ikaiva. Huko walifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, wakafungwa 2-1 na Misri, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Tulingoja miaka 39 kuiona Tanzania tena kwenye fainali hizo, mwaka 2019 nchini Misri. Bendera baadaye alikuwa mbunge wa Korogwe Mjini na Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo, kisha mkuu wa mkoa. Alifariki Desemba 2017. Mji uliomtoa mtu wa namna hiyo haujawahi kuwa na timu ya Ligi Kuu.

Kuna mji Marekani ambao kila mtu wa Handeni na Korogwe angefaa kuusikia. Unaitwa Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, karibu na maziwa makubwa ya kaskazini. Una watu laki moja na ushee. Sensa yetu ya 2012 iliikuta Korogwe mjini ina watu 68,000 hivi na Handeni mjini 79,000, kwa hiyo tunazungumza habari za miji isiyopishana sana kwa ukubwa. Green Bay ina timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira uliochongoka ncha mbili, ambapo timu hupewa majaribio manne kusogea yadi kumi mbele, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Ligi yao ina timu 32, nyingi zikiwa za miji mikubwa kama New York, Chicago na Los Angeles. Katikati ya majitu hayo mji mdogo wa Green Bay umetwaa ubingwa mara 13, na hakuna timu iliyoufikia.

Timu hiyo, Green Bay Packers, ilianzishwa mwaka 1919 na kijana aliyeitwa Curly Lambeau akishirikiana na mwandishi wa gazeti la mji, George Calhoun. Lambeau alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kusindika nyama, Indian Packing Company. Akamwomba mwajiri wake fedha za jezi, akapewa dola 500, na timu ikachukua jina kutokana na kazi ya kampuni hiyo. Ndani ya miaka michache kampuni ilikuwa imekwishauzwa, jina la timu lipo hadi leo. Mdhamini wa jezi hupita. Nalisema hili kwa ajili ya viongozi wa klabu zetu ambao hudhani wakishampata mdhamini kazi imekwisha.

Packers waliingia ligi ya kulipwa mwaka 1921, mwaka mmoja tu baada ya ligi yenyewe kuundwa mjini Canton, Ohio. Wakati ule ligi ilijaa timu za miji midogo. Nyingi zilikufa. Nyingine zilihamishwa na wenye mali: timu ya Decatur ilipelekwa Chicago, ya Portsmouth ikapelekwa Detroit mwaka 1934. Kule timu ni mali ya tajiri, na tajiri akiona soko bora kwingine huondoka nayo, jina, rangi na wachezaji.

Green Bay nayo ilikaribia kufa. Mvua ziliharibu mechi, mashabiki hawakuja, madeni yakapanda. Mwaka 1923 wafanyabiashara wa mji wakaigeuza timu kuwa shirika la hisa, kila hisa dola 5, na wakaziuza kwa watu wa kawaida wa mji. Wakauza tena mwaka 1935, baada ya shabiki aliyeanguka jukwaani kuishtaki timu na kampuni ya bima kufilisika. Wakauza tena 1950, 1997, 2011 na 2021. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Hisa hizo hazina gawio, haziuzwi sokoni, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumiliki nyingi kiasi cha kuiteka timu. Mwenye hisa hupiga kura kuchagua bodi.

Waasisi waliweka kifungu kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote. Walisema timu ikiuzwa, fedha zote ziende kwa chama cha askari wastaafu cha mji huo zikajenge mnara wa kumbukumbu. Mtu yeyote aliyetaka kuiuza Packers ili atajirike alijua toka siku ya kwanza kwamba hatapata senti. Baadaye kifungu kilibadilishwa ili fedha ziende kwenye mfuko wa hisani wa timu, lakini kufuli ni lile lile.

Kisha likaja suala la uwanja. Miaka ya 1950 Packers walikuwa na uwanja mdogo na timu kubwa hazikupenda kwenda huko. Mwaka 1956 wananchi wa Green Bay walipiga kura kukubali mji wao ukope fedha za kujenga uwanja mpya, nao ukafunguliwa 1957. Sasa unaitwa Lambeau Field na unaingiza watu zaidi ya 80,000. Tarehe 31 Desemba 1967 walicheza hapo fainali ya ligi dhidi ya Dallas Cowboys katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, wakashinda 21-17, na majukwaa yalikuwa yamejaa. Kocha wao alikuwa Vince Lombardi, ambaye kombe la ubingwa wa ligi nzima leo lina jina lake.

Lazima niwe mkweli kuhusu jambo moja. Kanuni za Marekani humlinda mdogo kwa namna ambayo kanuni zetu hazimlindi. Kule hakuna kushuka daraja. Detroit Lions walipoteza mechi zote 16 za mwaka 2008, wakabaki kwenye ligi, na zaidi ya hapo wakapewa nafasi ya kwanza kuchagua mchezaji chipukizi mwaka uliofuata. Fedha za televisheni za taifa hugawanywa sawa kwa sawa, Green Bay ikipata kile kile inachopata New York. Kwetu, mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021 una thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi, ni hatua kubwa sana, ila sehemu ya fedha hufuata nafasi kwenye msimamo, na bingwa huondoka na fungu nono. Ukishuka, mgawo wa Ligi Kuu unauacha nyuma. Mimi siombi kushuka daraja kufutwe, maana ndiko kunakofanya mechi za mwisho wa msimu ziwe na uhai. Nasema tu kwamba penye kushuka daraja, timu isiyo na wenyewe huanguka chini zaidi kuliko nyingine.

Coastal Union ni ushahidi wa karibu. Klabu hii ya wanachama, iliyoanzishwa 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, ilishuka siku zile zile na Mgambo. Ikarudi 2018. Mwaka 2022 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikatoka sare ya 3-3 na Yanga, mabao yote matatu yakifungwa na Abdul Suleiman 'Sopu', kabla ya kufungwa kwa penalti. Msimu wa 2023/2024 ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ina migogoro yake, kama kila klabu ya wanachama nchini, lakini migogoro ni dalili kwamba kuna watu wanaoona kitu ni chao.

Na atakayesema mji mdogo Tanzania hauwezi, ayatazame mambo ya Ruangwa. Namungo, kutoka wilaya hiyo ya mkoa wa Lindi, ilipanda Ligi Kuu 2019, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2020, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ruangwa ilikuwa imejenga uwanja. Mashabiki wa Simba na Yanga hupanda magari kwenda huko, wanalala huko, wanakula huko.

Kwa maoni yangu uwanja wa kwanza wa upande huu ujengwe Korogwe. Lami ya kutoka Handeni ni kilomita 65, barabara kuu ya Arusha inapita katikati ya mji, watu wa Lushoto hushukia Mombo, na wa Muheza hawako mbali. Handeni isione imenyimwa. Iwe na kiti kamili kwenye klabu ya pamoja, yenye kadi za uanachama zinazouzwa kuanzia Mkata hadi Mazinde, na katiba inayokataza mtu mmoja, kampuni au taasisi kuichukua. Madiwani wa halmashauri za Handeni na Korogwe wanaokaa kupitisha bajeti, naomba mtenge fungu la ukuta, vyumba vya kubadilishia nguo na nyasi. Mashabiki, ulizeni fungu hilo liko ukurasa wa ngapi.