KAZI YA SINDANO: JUU YA NINI TUIONYESHE?

Safari hii tunataka kueleza jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa dogo, ndiyo maonyesho ya kazi za sindano. Omate watu wanaijua sababu ya dhahabu. Mtu akitaja mali, tunafikiri shimo, mchanga na mizani. Lakini ndani ya nyumba zetu kuna mali nyingine tunayoipita kila siku: kitambaa cha meza chenye maua, mashuka ya arusi, kofia ya mtoto ya kufuma, blanketi la vipande vipande. Nani alizifanya? Alikaa siku ngapi? Mara nyingi hatujui, na hatuulizi.

1. Maonyesho ni nini?

Maonyesho si soko, hata kama siku ile vitu vingine vinaweza kuuzwa. Ni siku ambayo watu wa mahali pamoja wanaleta kazi za mikono yao, wanazitundika kwenye kamba au kuzitandika juu ya meza, na kila mtu anapita polepole kuziangalia. Sokoni mnunuzi anauliza, "Bei gani?" Katika maonyesho anauliza kwanza, "Nani alifanya, na alifanya namna gani?"

Wasomaji wa Biblia wanajua mfano wa zamani sana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walisimama mbele ya Petro wakamwonyesha nguo alizowashonea. Zile nguo zilitosha kueleza maisha yake.

2. Kazi ya Wakuba

Wengine wanasema kutarizi, yaani broderi, kuliletwa na wazungu. Sivyo. Katika inchi yetu wenyewe, kule Kasai, Wakuba wana kazi ya sindano inayojulikana ulimwengu wote. Wanaume wanafuma kitambaa kwa nyuzi za majani ya mti wa rafia. Kisha wanawake wanakitarizi. Mama anapitisha uzi chini ya nyuzi moja au mbili za kitambaa, halafu anaukata kwa kisu kidogo, vipande vifupi vinabaki vimesimama kama manyoya laini. Mistari inapindana na kukatana, lakini hachori kitu mbele: mfano wote uko ndani ya kichwa chake. Sisi tunaosumbuka na jeometria, na rula iko mkononi, tufikiri kidogo juu ya jambo hilo!

Tena, Wakuba wanashona viraka juu ya nguo zao za sherehe. Inasemekana mwanzo viraka vilikuwa vya kuziba matundu, maana rafia inapopondwa ili iwe laini inaweza kupasuka. Baadaye viraka vyenyewe vikawa pambo.

Mwaka 1892 William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi wa kanisa la Presbiteri, alifika katika mji wa mfalme wa Wakuba. Vitambaa alivyokusanya viko leo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Marekani. Mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa naye alitundika vitambaa vya Wakuba mahali pake pa kazi. Majina ya wanaume hao wawili tunayapata katika vitabu. Lakini majina ya wamama waliotarizi ni shida kuyapata. Kazi ilisafiri mbali, mwenye kazi akasahauliwa.

3. Blanketi la vipande

Blanketi la vipande lina sehemu tatu. Juu kuna vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati kuna pamba au kitu kingine cha kuleta joto, na chini kuna kitambaa kizima. Mshono unapita katika zote tatu ili zisiachane. Ni kazi ya watu wasiotupa kitu.

Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, walishona mablanketi namna hiyo kwa nguo za kazi zilizochakaa. Walitaka tu watoto wasisikie baridi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo lile waliunda ushirika wa kushona na kuuza. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika makumbusho makubwa ya Houston, pamoja na majina ya walioyashona. Mwaka 2006 yalitiwa kwenye tembre za posta. Vitambaa vilikuwa vilevile vya zamani. Kilichobadilika ni kwamba watu walisimama wakaviangalia, na jina lilikuwa pale.

Jina linaweza hata kuwa kazi yenyewe. Tarehe 11 Oktoba 1987, huko Washington, watu walitandika chini vipande 1.920 vya kitambaa. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa 90, kama kaburi, na kilishonwa kwa kumkumbuka mtu aliyekufa na sida. Leo vipande vimefikia karibu 50.000.

Karibu na kwetu, Goma, katika hospitali ya HEAL Africa iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mke wake Lyn, wanawake waliongoja kupasuliwa walifundishwa kushona. Aliyefika mgonjwa aliweza kurudi kwao na ufundi.

4. Namna ya kuangalia

Msomaji, ukialikwa kwenye maonyesho, usiseme tu "ni mzuri" na kupita. Angalia mambo haya:

– Geuza upande wa nyuma. Fundi mzuri haachi mafundo makubwa wala nyuzi ndefu zinazovuka huku na huku.
– Angalia mishono. Je, inalingana?
– Kwenye blanketi, tafuta pembe. Vipande vinne vikikutana sawasawa mahali pamoja, ujue mkono ulipima vizuri.
– Uliza kama kilifuliwa. Uzi mubaya unatoa rangi siku ya kwanza ya maji.

Na kwanza nawa mikono, tafazali!

5. Bei na saa

Hapa ndipo penye shida. Tufanye hesabu. Tuseme mama ametarizi shuka saa 3 kila siku, kwa siku 20. Hizo ni saa 60. Kitambaa na uzi vilimgharimu franka 25.000, naye ameuza 55.000. Amebaki na 30.000, ni kusema franka 500 kwa saa. Mnunuzi bado anamwambia, "Mama, punguza, hii ni kazi ya kupitisha wakati tu." Hasemi hivyo kwa fundi mwanaume anayeshona suruali kwa masini! Juu ya nini? Sababu masini tunaisikia ikilia, lakini sindano inafanya kazi kimya, usiku, karibu na taa.

Maonyesho hayatapandisha bei siku moja. Lakini yanaonyesha saa zile zilizofichwa.

6. Tukitaka kufanya

Haiombi feza nyingi. Inafaa chumba chenye bati zuri, maana kwetu Walikale mvua haingoji ruhusa. Inafaa kamba, meza, na vijana wa kulinda. Watakaochagua kazi bora wasihukumu kazi za jamaa zao. Wavulana nao walete zao. Kama mwanaume Mkuba anafuma, sisi tutaona haya ya nini?

Lakini jambo moja lisikosekane. Chini ya kila kazi pawe karatasi ndogo yenye jina kamili la aliyeifanya, mtaa wake, na siku alizotumika. Kama mwenyewe hajui kuandika, mwanafunzi mmoja akae karibu naye, aulize kwa heshima, na aandike. Kazi hiyo ni yetu, kalamu tuko nazo.

Basi jioni hii, ukifika nyumbani, geuza kitambaa cha meza na uulize nani alikitarizi. Jibu uliandike kwenye daftari.