KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: KIPIMO CHA KINGAMWILI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu



Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika Bayolojia tunafundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na kingamwili ni silaha zao. Je, askari akimgeukia mwenye nyumba itakuwaje?

Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mishipa midogo ya damu. Wagonjwa wengi wa aina hii huwa na kingamwili ziitwazo ANCA. Badala ya kunasa viini vya maradhi, hizi hunasa protini za chembe nyeupe zetu wenyewe, hasa protini mbili: PR3 na MPO. Chembe hizo huchokozeka, zikajibandika kwenye kuta za mishipa na kumwaga sumu zao papo hapo. Mgonjwa hutokwa na damu puani, hukohoa damu, au figo zake huharibika kimyakimya. Mwaka wa 1985, madaktari wa Uholanzi na Denmark walionyesha uhusiano wa kingamwili hizi na maradhi hayo.

Kipimo hufanywaje? Damu hutolewa mkononi, ikaachwa igande, kisha yale maji ya manjano yanayobaki huchukuliwa. Hutiwa katika vishimo vya sahani ya plastiki vilivyopakwa PR3 au MPO. Kama kingamwili zimo, zitanasa. Halafu hutiwa dawa ya kuleta rangi. Rangi ikikolea, nambari huwa kubwa.

Shangazi yangu anaugua maradhi haya. Yeye huuza sukuma wiki Kawangware, na siku ya kupimwa hupanda matatu nambari 46 hadi mjini. Mwaka jana karatasi ilisema ati kingamwili hazionekani. Alifurahi mno, akataka kuacha vidonge, kwani pesa za dawa ndizo hizo hizo za karo ya watoto. Daktari alimkataza, tena akamweleza sababu.

Kwanza, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Nambari yaweza kupanda na mgonjwa akakaa salama. Yaweza pia kuwa chini na ugonjwa ukarudi. Kipimo hiki husaidia zaidi kuutambua ugonjwa kuliko kuufuatilia. Nambari ikipanda, daktari humchunguza mgonjwa kwa makini zaidi, lakini habadilishi dawa kwa sababu ya nambari pekee.

Pili, maabara hutumia vifaa tofauti. Nambari 40 ya maabara moja huenda isiwe sawa na 40 ya nyingine. Ni heri mgonjwa apimwe mahali pamoja kila mara.

Tatu, kuna vipimo vingine vya kuandamana nacho. Mkojo ukiwa na damu au protini, figo huenda zinaumia hata kabla mgonjwa hajahisi lolote. Aidha, hupimwa shinikizo la damu na kreatinini, uchafu ambao figo nzima huuondoa katika damu.

Isitoshe, vidonge vya prednisoloni vikitumiwa kwa muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Kuviacha ghafla ni hatari. Hupunguzwa polepole, kwa amri ya daktari. Shangazi anaendelea kuvimeza, ingawa sasa ni vichache.

Wenzangu, wengi wetu ndio tunaowasomea wazazi karatasi za hospitali kwa sababu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzazi hungoja neno moja tu kutoka kinywani mwetu: amepona au hajapona? Tusiwe wepesi wa kulitamka. Tumsomee kilichoandikwa, kisha tumwambie arudi na karatasi hiyo kwa daktari, mkojo nao ukapimwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.