Mradi Ukiisha, Nani Atakuja Kukagua Shamba Lako la Mbegu?

Vikundi vinavyozalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zile tulizozoea kuziita QDS, vimekuwa vikiuliza swali moja: mradi umefunga, gari limerudishwa, je, ukaguzi bado upo?

Upo. Ila hauji wenyewe kama zamani.

Kwanza tuelewe mkaguzi ni nani. Mbegu za QDS hukaguliwa na watumishi wa halmashauri waliofundishwa na kuidhinishwa na TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini. Mshahara wao unatoka serikalini, hautoki kwenye mradi. Mradi ulikuwa unalipa mafuta, posho ya siku na matengenezo ya pikipiki. Kwa hiyo fedha zikikatika, mkaguzi haondoki kazini. Anapangiwa kazi nyingine: anarudishwa kuhudumia kata, pengine ya mwisho kabisa wa wilaya, au anakaimu utendaji wa kata, au (hili mnalijua) anakaa kwenye geti la ushuru wa mazao. Idhini yake ya ukaguzi bado anayo, ila muda na mafuta ndiyo hana.

Sasa shida iko hapa. Shamba la mbegu halisubiri. Mahindi ya Staha au Situka lazima yaonwe yakiwa yanachanua, maana mimea isiyofanana na aina yako inatakiwa ing'olewe kabla haijamwaga chavua. Mkaguzi akija wiki tatu baadaye atakuta chavua imeshachanganyika, na hakuna dawa ya hilo. Maharage nayo yanatazamwa wakati wa maua na tena maganda yanapokomaa, kuangalia magonjwa kama chule yanayosafiri ndani ya mbegu. Ukikosa ukaguzi, mzigo wako utauza kama nafaka, kwa bei ya nafaka, wakati ulinunua mbegu mama kwa bei ya mbegu na ukapalilia kama mtu wa mbegu.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kwa sisi wenye msimu mmoja wa mvua, tunapanda kati ya Novemba na Januari, ukaguzi unaangukia Februari hadi Aprili. Halmashauri ya kilimo inategemea ushuru wa mazao, na ushuru unaingia baada ya mavuno. Yaani mafuta ya ukaguzi yanahitajika wakati mfuko wa mapato ya ndani umekauka. Mradi ulikuwa unaziba pengo hilo bila watu kuliona. Ndiyo maana naona kosa kubwa ni kuwatawanya wakaguzi wote Julai, mwaka wa fedha unapoanza, halafu kuwatafuta Machi. Afadhali wapewe kata zao, lakini barua ya kupangiwa kazi iseme wazi kwamba miezi ile mitatu ukaguzi wa mbegu unatangulia, na mafuta yake yatengwe ushuru ukiwa bado unaingia. Pikipiki za maafisa ugani zilizogawiwa mwaka 2022 zinasaidia, ila haziendi kwa maji.

Na nyie vikundi mna sehemu yenu. Tuseme kuna vikundi vinane na kila kimoja kinahitaji kutembelewa mara tatu. Hizo ni safari 24. Mkikubaliana kupanda wiki moja, na mashamba ya jirani yakawa njia moja, mkaguzi anaona matatu kwa siku. Zinabaki safari tisa hivi. Safari tisa halmashauri inaweza kuzibeba. 24 watakwambia subiri.

Kabla ya kupanda, fika ofisi ya kilimo ya wilaya uulize jina la mkaguzi aliyepangwa upande wenu na kata aliyopo sasa. Andikisha shamba mapema, tunza risiti na lebo za mbegu mama. Mpe tarehe ya kupanda, kisha mpigie mimea inapokaribia kuchanua, si siku maua yameshafunguka. Kimya kikizidi, barua ya kikundi iende kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani. Diwani ndiye anayekaa kwenye baraza bajeti inapopitishwa, kwa hiyo asisikie habari hii mara ya kwanza Machi.

Kuhusu kumchangia mkaguzi mafuta mkononi: najua wengi mnafanya, na najua kwa nini. Sishauri. Mnunuzi akija kujua kwamba anayekaguliwa ndiye aliyemlipa anayekagua, ile lebo haina maana tena. Kama kuna ada, iombwe namba ya malipo ya serikali, mlipe, mpate risiti.

Na kama mahindi yako yameshachanua na hakuna aliyefika, usifungashe kama mbegu. Vuna, kausha vizuri, uza kama chakula. Mwezi wa saba nenda ofisini mapema upangiwe kwa msimu ujao.