Kiapo Hakimalizi Ulevi

Katika familia nyingi, anayeamua kuacha pombe huwekewa kikao. Wazee huitwa, dua huombwa, mhusika huapa, kisha watu hutawanyika wakiamini jambo limekwisha. Mwezi wa tatu akionekana kilabuni, kiapo kilekile huwa ushahidi dhidi yake: alitudanganya. Naona kosa lilianzia kwenye kikao, pale neno la jioni moja lilipotwishwa kazi inayouchukua mwili miezi, pengine miaka.

Pombe ya kila siku huupoza ubongo, nao kwa kuzoea hujichochea zaidi ili usizimike. Pombe ikikatwa ghafla, uchochezi ule hubaki bila kizuizi. Mikono huanza kutetemeka na jasho kutoka muda wa saa 6 hivi baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku 2 za kwanza, na kuweweseka kunakoweza kuua huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa hiyo anayezimua kila asubuhi ili mikono itulie asifungiwe chumbani apate adabu. Apelekwe hospitali, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1. Wiki hiyo ikipita ndipo safari ndefu huanza: usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, huzuni, na kiu inayoamshwa na siku ya mshahara au njia ya kupitia baa. Nyumbani walimtarajia mtu mwenye shukrani, wanampata mtu mkali, na wengi hukata tamaa hapo hapo, wakati anapowahitaji zaidi.

Mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake, huko Marekani, waliulinganisha uraibu na kisukari, pumu na shinikizo la damu. Kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa uraibu hurudia ndani ya mwaka, kiwango kisichopishana sana na cha wagonjwa wa presha au pumu wanaozidiwa tena. Presha ikipanda hatumwiti mgonjwa mwongo. Tunauliza kuhusu dawa na chumvi.

Wapo watakaosema kwamba kutarajia arudie ni kumpa ruhusa. Hofu hiyo ina msingi, maana kuna upole unaolisha ulevi: kumlipia deni la kilabuni, kumdanganyia bosi kwamba ana malaria. Hayo yaachwe, na hakuna subira inayomdai mke avumilie kipigo. Lakini ukali mtupu nao una matokeo yanayopimika. Katika utafiti wa William Miller na Robert Meyers uliochapishwa mwaka 1999, familia zilizofundishwa kuzithamini siku za kutokunywa na kuacha hasara za ulevi zimwangukie mnywaji mwenyewe zilifanikiwa kuwaingiza kwenye matibabu asilimia 64 ya waliokuwa wamekataa. Zilizofundishwa kumkabili mnywaji kwa kikao cha ghafla zilipata asilimia 30. Hata njia iliyo bora, basi, iliacha zaidi ya theluthi nje, na familia za hao hazikuwa na upendo mdogo.

Akirudi amelewa baada ya siku 90, usiku huo alazwe salama bila mahojiano. Asubuhi aulizwe nini kilitangulia: alikuwa na nani, alikuwa na fedha kiasi gani, alilala vipi wiki ile, na kliniki anarudi lini.