Ukingo wa Ziwa Duluti Una Kazi Kuliko Ukubwa Wake

Anayezunguka Ziwa Duluti kwa miguu, pale Tengeru nje kidogo ya Arusha, kwa kawaida huelekezwa kutazama maji: furukombe juu ya mti, kenge anayeota jua na, mawingu yakifunguka, Mlima Meru wenye mita 4,566. Si ushauri mbaya, ila unamfanya mgeni aligeuzie mgongo jambo kubwa zaidi. Uhai wa ziwa hili unaamuliwa na ukanda mwembamba wa msitu na mafunjo ambamo njia yenyewe inapita, na ukanda huo unastahili kulindwa kwa ukali kuliko eneo lake dogo linavyodokeza.

Duluti ni ziwa la kasoko, lililoachwa na volkano. Zipo simulizi kwamba halina mwisho, lakini vipimo vya wanasayansi vinatoa kina cha kama mita 9 tu, na eneo la takriban kilomita za mraba 0.6. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Linalishwa na mvua na maji ya ardhini. Kwa hiyo udongo ukishaporomokea humo hauna mkondo wa kuuondoa, na udongo wa mashambani hauendi peke yake, kwa kuwa fosforasi ya mbolea hushikamana na chembe zake. Fosforasi ikizidi, mwani hushamiri, kisha hufa, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Ziwa dogo namna hii halina maji mengi ya kuzimua kosa.

Huku juu ya kuta za kasoko kuna kahawa, migomba na makazi. Kati ya hayo na maji umebaki msitu. Matawi huvunja kishindo cha mvua, majani makavu hupunguza kasi ya maji yanayoteremka, na mboji iliyojaa matundu ya mizizi na wadudu huyanywa kabla hayajapata nguvu ya kubeba udongo. Pale chini hupokea mafunjo na matete. Ukikata bua la funjo utaona lina pembe tatu, na ndani yake ni sponji nyeupe iliyojaa hewa. Hewa hiyo hushuka hadi mizizini, kwenye tope jeusi linalonuka mayai viza kwa kukosa oksijeni. Katika tope hilo la hali mbili, bakteria wa upande wenye hewa hutengeneza nitrati, na wa upande usio na hewa huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani.

Wapo watakaosema kwamba mafunjo ni kama chujio la chai: lisipomwagwa, hujaa. Wana hoja, kwani funjo likifa na kuoza hurudisha majini sehemu ya fosforasi iliyokuwa imeinyonya. Lakini naitrojeni iliyogeuka gesi hairudi na tope lile, na sehemu ya fosforasi huzikwa katika mashapo. Kukata mabua kwa kiasi, kwa ajili ya mikeka na kuezekea, huondoa nyingine. Pingamizi zito zaidi ni la maji ya ardhini: nitrati iliyozama chini sana shambani hupita chini ya mizizi yote. Hilo ukingo hauliwezi; dawa yake ni kupima mbolea huko huko shambani.

Halafu kuna miguu yetu. Njia inayoshuka wima mtelemkoni hugeuka mfereji mvua ya masika ikianza, na huvusha udongo kwenda ziwani moja kwa moja, ikiuruka msitu wote. Inayofuata usawa wa mtelemko, na kuvuka tope kwa daraja la mbao, haina madhara hayo, tena inaupa msitu watu wa kuutetea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa ziwa lisilo na pa kutolea uchafu, mita hizo zihesabiwe kuwa kiwango cha chini kabisa, na kila njia ya mkato inayokwenda majini ifungwe.