Mume anapokaribia kutoka gerezani: chumba kitafutwe lini, na kwa jina la nani?

Wanawake wengi wanaokuja kwetu ustawi wa jamii kuulizia makazi ya mume anayekaribia kumaliza kifungo huwa wameanzia kwa dalali. Wameshazungushwa Mbagala na Gongo la Mboto, wameshatoa hela ya kuoneshwa vyumba. Mmoja alikuwa ameshalipa kodi ya miezi sita kwa chumba ambacho mumewe asingelala humo mpaka miezi minne ipite. Anauza maandazi, na kodi ya miezi minne imekwenda bure. Ndiyo maana naanza na tarehe, kisha nije kwenye nyumba.

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 49 cha Sheria ya Magereza, Sura ya 58, kinampa mfungwa mwenye tabia njema punguzo la theluthi moja ya adhabu yake. Aliyehukumiwa miaka 6, akikaa bila makosa, anatarajiwa kutoka baada ya miaka 4. Punguzo hilo linaweza kupotea akivunja nidhamu. Kwa hiyo mfungwa ana tarehe mbili: ya mapema, na ya mwisho kabisa ikiwa punguzo limepotea. Ukienda kumtembelea, mwombe aulize zote mbili kwa askari anayeshika kumbukumbu. “Mwaka huu” au “kabla ya Ramadhani” si tarehe ya kulipia kodi.

Halafu kuna msamaha wa Rais, unaotolewa chini ya ibara ya 45 ya Katiba, mara nyingi siku ya Muungano au ya Uhuru. Tarehe 26 Aprili 2021 wafungwa 5,001 walisamehewa, lakini walioachiwa huru siku hiyo walikuwa 1,516; wengine 3,485 walipunguziwa tu muda na wakabaki ndani. Familia nyingi husikia neno “msamaha” redioni zikaanza kufagia chumba. Msamaha pia huja na orodha ya makosa yasiyohusika. Anayeungoja asilipie nyumba kwa kuungoja, lakini awe na ndugu mmoja aliyekubali mapema kumpokea mtu kwa wiki mbili tatu, kwa sababu mlango ukifunguliwa ghafla hakuna muda wa kutafuta.

Parole ni tofauti kabisa. Chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, mfungwa anamalizia kifungo akiwa uraiani kwa masharti, na mahali atakapoishi ni sehemu ya masharti hayo. Hapo nyumba inatangulia: pasipo mahali panapojulikana, na watu walio tayari kumpokea, maombi yenyewe yanayumba. Kama mumeo anafikiriwa kwa parole, usihame bila kumweleza afisa anayeshughulikia jalada lake, hata kama unahamia mtaa wa pili.

Sasa hela. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi na muda wa kulipa mbele ni maelewano. Dar es Salaam maelewano hayo maana yake ni miezi mitatu, sita, hata mwaka, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Tuseme chumba ni shilingi 50,000: kwa miezi sita unatoa 300,000, na dalali 50,000. Mama aliyelea watoto peke yake miaka minne hana 350,000 imekaa ndani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwashangaza wengi: kama una chumba ulichokilipia mwenyewe muda wote huo, usihame kwa sababu ya aibu. Majirani wanaokujua ni mali. Sababu za kuhama zenye uzito ni mbili tu: kijiwe cha wenzake walioingia naye kwenye kosa kiko hapo nje, au mtu aliyemkosea anaishi karibu.

Ukiamua kupanga upya, jua aina ya nyumba unayoingia. Wengi wetu tunapanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani, mita moja ya LUKU kwa wote, na mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Humo hakuna siri. Mwenye nyumba hakuombi hati ya polisi, anakuuliza, “Na baba watoto yuko wapi?” Wengi hujibu yuko safarini, au yuko machimboni Geita. Jibu hilo linakaa mpaka siku anatokea na begi, na kijana wa chumba cha tatu aliyepitia Ukonga anamtambua. Kuanzia hapo mwenye nyumba hakasirikii gereza, anakasirika kwamba ulimdanganya.

Mimi nawafundisha kusema kabla hela haijatoka mkononi, na kusema kwa ufupi. “Shikamoo mama. Nimekuja tuzungumze kabla sijaleta vitu. Mume wangu anamaliza kifungo mwezi wa tisa. Tutakaa hapa na watoto wawili. Ni fundi seremala, na kodi nalipa mimi.” Hapo ameshajua idadi ya watu, kazi, na nani wa kumdai. Akijibu, “Wapangaji wangu nitawaambia nini?” mwambie awaambie ni mume wako. Akikataa, umepoteza nauli ya daladala. Akija kujua baadaye akawatoa, umepoteza kodi. Kosa lenyewe si lazima ulitaje. Ila kama lilimhusu mtoto, nyumba ya ukumbi mmoja yenye watoto wa watu haimfai, hata mwenye nyumba akikubali.

Mkataba uandikwe, hata kwenye ile karatasi inayouzwa stationery, na uwe kwa jina la yule anayelipa. Mume atajwe kama mkazi. Wanaume wengine huliona hilo kama dharau, na wake huogopa kuanza maisha mapya kwa ugomvi. Nalisimamia hata hivyo. Mkiachana, au akikamatwa tena, watoto wanabaki na pa kulala bila mtu kuja kudai kwamba mkataba si wako. Kwa asiyefunga ndoa ni muhimu zaidi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili na kutambulika kama mke na mume, lakini hiyo ni hoja inayoweza kupingwa mahakamani. Jina kwenye mkataba linaonekana leo. Na kama mlikuwa na nyumba yenu, kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinamzuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ndugu wa mume wanaokuja na mnunuzi wakati yeye yuko ndani wakumbushwe hilo mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kuna anayekuja kuuliza chumba huku uso unaonesha hataki kulala humo. Amepigwa huko nyuma, au kifungo chenyewe ni cha kumjeruhi yeye. Mama wa namna hiyo halazimiki kumtafutia mume nyumba ya kukaa naye, na ukoo usimsukume. Atafutiwe kwa kaka yake, kwa wazazi, au chumba chake peke yake kwa mchango wa ndugu, na watoto akawaone mchana. Kumsaidia mtu kupata pa kulala ni jambo moja. Kulala naye chumba kimoja ni jingine.

Akishatoka, wiki ya kwanza mpeleke kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, akiwa na karatasi za kuachiwa na namba yake ya NIDA kama anayo, aandikishwe kuwa mkazi. Usimwache aende peke yake mara ya kwanza. Laini ya simu inasajiliwa kwa namba hiyohiyo na alama za vidole, na barua ya utambulisho ya kuombea kazi inatoka kwa mwenyekiti anayejua mnaishi nyumba ipi.