Mafua ya kipupwe: Kosa si la baridi peke yake

Aliyepata kusafiri kwa basi kutoka Makambako kwenda Njombe mwezi wa Julai anaijua kauli hii: "Jamani, fungeni madirisha, tunakufa na baridi!" Madirisha hufungwa, abiria hujikunyata, na mmoja wa kiti cha nyuma hukohoa njia nzima. Siku mbili tatu baadaye wenzake wanapiga chafya, na lawama zote huangukia baridi.

Ni kweli kipupwe cha kule si mchezo. Kati ya Juni na Agosti joto la usiku Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo, wilayani Makete, umande huganda juu ya majani. Lakini baridi peke yake haimpi mtu mafua. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 100. Homa ya mafua, ile inayomlaza mtu kwa homa kali na maumivu ya viungo, ina virusi vyake, vilivyotambuliwa kwa binadamu huko Uingereza mwaka 1933. Hewa baridi na kavu huvisaidia kudumu. Sisi tunavimalizia kazi kwa kuziba kila upenyo na kulala watu sita chumba kimoja.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni hewa. Vaa sweta, jifunike blanketi, lakini acha dirisha wazi kidogo. Na wale wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, hao wanakimbia mafua na kukaribisha kifo. Sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Kinga ya pili ni mikono. Mgonjwa hupenga kamasi, kisha hushika kitasa, noti na mkono wa jirani. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO, vibuyu chirizi na ndoo za maji vilikuwa kila mlango. Sabuni ile ile inafaa kwa mafua pia.

Mimi mwenyewe nina deni. Mwaka mmoja nilikwenda kazini na homa yangu nikijiona shujaa. Studio haina dirisha, kipaza sauti ni kimoja. Wiki haikwisha kabla wenzangu wawili hawajapoteza sauti. Mgonjwa wa homa ya mafua huweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya hadi siku tano au saba baadaye. Ningebaki nyumbani.

Kuhusu dawa, vidonge vya rangi mbili vinavyonunuliwa dukani bila cheti haviui virusi. Mapumziko, vinywaji vya moto na dawa ya kutuliza homa vinatosha kwa wengi. Chanjo ya homa ya mafua ipo, na hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu virusi hujigeuza. Wazee, wajawazito na wenye pumu au kisukari waulize hospitali kama inapatikana.

Mtoto akipumua haraka haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, hayo si mafua ya kusubiri. Huenda ni nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.